Kifuu cha Mafuta Kizingitini

Nilifika kwenye msiba wa Bi Chausiku siku ya pili, adhuhuri, na kitu cha kwanza alichokitazama Mwanaidi, binti yake, hakikuwa uso wangu, ingawa tulikuwa hatujaonana karibu miaka hamsini. Alitazama miguu. Wanaume walikuwa wamekaa nje chini ya turubai, na mimi niliomba ruhusa niingie kumpa mkono wa pole kabla sijakaa nao. Pale mlangoni palijaa ndara na makubadhi, nami nikavua viatu nikasimama na soksi kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa, nikijiuliza kama viatu vyangu niviache na vya wenzangu au niingie navyo mkononi, na kama nikiingia navyo watu watanifikiriaje. Mimi ni mtu wa namna hiyo, uzee haujanisaidia. Mwanaidi, ambaye sasa ni bibi mwenye miwani minene, akanyanyua kichwa, akaziona soksi zangu, akamwinamia mwenzake aliyekaa naye jamvini na kumnong'oneza kwa sauti iliyosikika nyumba nzima: "Mwalimu Soksi huyo. Hajavua mpaka leo." Wanawake wakacheka jinsi watu wanavyocheka msibani, kiganja mdomoni. Mimi nikacheka nao, kisha machozi yakanitoka palepale, maana jina hilo sikuwa nimelisikia tangu mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na moja. Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado unasemwa kwa sauti ya chini, nami nimetoka chuo cha ualimu huko milimani nikiwa na cheti ndani ya bahasha, Biblia, sanduku la bati, na jozi moja ya viatu vyeusi vya ngozi. Nilipangiwa shule ndogo karibu na Moa, na nikapewa chumba kwa Bi Chausiku, mjane aliyekuwa akiishi na binti yake mmoja, Mwanaidi, wa rika langu. Mwalimu wetu mmoja pale chuoni alikuwa na kawaida ya kutuambia kwamba darasa humsoma mwalimu kuanzia chini kwenda juu, na kwamba mwalimu aliye peku ameshindwa kabla hajafungua kinywa. Wenzangu walilisikia neno hilo wakalisahau. Mimi nililichukua nikalala nalo. Kati ya nyumba ya Bi Chausiku na shule palikuwa na mkono wa bahari uliopita katikati ya mikoko, na maji yakijaa njia ilizama hadi juu ya kifundo cha mguu. Wanafunzi wangu walivuka peku, wakapangusa miguu kwenye majani, na kabla ya kengele walikuwa wakavu. Mimi nilivuka na viatu vyangu, kwa sababu nilikuwa nimehesabu kwamba nikivivua ng'ambo hii wanafunzi wataniona, na nikivivaa ng'ambo ile wataniona vilevile. Siku nzima nilifundisha hesabu maji yakilia ndani ya soksi kila nilipogeukia ubao.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho, upande wa uani. Ukuta wa udongo haukufika kwenye paa. Uliishia mahali ambapo mtu mrefu angeweza kuweka mkono, na juu yake palikuwa wazi mpaka kwenye makuti. Kwa hiyo moshi wa jikoni ulikuwa wangu, harufu ya mchuzi ilikuwa yangu, na mazungumzo yote ya mama na binti yalikuwa yangu, nipende nisipende. Juma la kwanza nilimsikia Mwanaidi akisema, "Mama, mwalimu anakula na soksi."

"Mwache ale."

"Na analala nazo. Nimeziona chini ya neti."

"Ulikuwa unatafuta nini chini ya neti ya mwalimu?"

"Nilikwenda kufagia! Mie nasema labda hana vidole."

"Hata akiwa hana, bada yangu anaila kwa vidole vya mkono."

Nilikaa kitandani nikiwa na sahani ya bada, ule ugali wa muhogo, na samaki mapajani, sithubutu kutafuna. Siku hizi nikiikumbuka sauti ile ya Bi Chausiku, nzito na isiyo na haraka, naona ilikuwa imeshanipokea. Wakati ule nilisikia hukumu.

Masika yalipokolea ndipo ngozi kati ya vidole ilipoanza kuwasha. Kwanza kidole kidogo cha mguu wa kulia, halafu cha pili yake, halafu mguu wa kushoto. Ngozi iligeuka nyeupe, ikalainika kama karatasi iliyolowa, ikachanika, na chini yake palikuwa pekundu na penye harufu ambayo sikuweza kuvisingizia viatu. Leo mjukuu wangu angesema fangasi, na angekwenda dukani akarudi na kijitubu. Mimi nilikuwa na kitabu cha afya cha chuoni, na katika kitabu hicho palikuwa na ukurasa mmoja juu ya ukoma, wenye maneno yasiyozidi kumi juu ya mabaka meupe ya ngozi. Nilisoma maneno hayo mpaka yakapoteza maana. Kitabu kilisema pia kwamba mahali penye ukoma hupoteza hisia, basi Jumamosi moja, mama na binti wakiwa shambani, nilichuma mwiba wa mlimau nikajichoma vidole vyote kumi. Viliuma vyote. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Mimi nikaanza kufikiri kwamba huenda nimesikia maumivu kwa sababu nilikuwa natazama. Nikafumba macho nikarudia. Viliuma tena. Nikafikiri huenda ndio kwanza ugonjwa unaanza.

Kuanzia hapo nilijua, au nilidhani najua, kilichokuwa mbele yangu. Mwalimu mwenye ukoma angeondolewa kazini, angepelekwa kwenye makazi ya wagonjwa mbali na watu, na jina lake lingebaki shuleni kama kitu cha kutishia watoto. Nikaacha kutumia mitalawanda ya bafuni, vile viatu vya mbao ambavyo nyumba nzima tulikuwa tukichangia, nisije nikawaambukiza wenyewe. Nikawa naingia bafuni na viatu vyangu vya ngozi. Vikakosa hata ile nafasi ya kukauka usiku.

Ndipo kilipotokea kifuu. Ijumaa moja asubuhi nilifungua mlango nikakuta kizingitini kifuu cha nazi kilichokwanguliwa kikawa laini, ndani yake mna mafuta ya rangi ya kijani iliyofifia, na juu yake umelazwa unyoya mmoja wa kuku, mweupe. Hapakuwa na mtu. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho kwetu milimani, lakini nilikuwa nimesikia hadithi za kutosha juu ya watu wa pwani, nyingi zikisimuliwa na watu ambao hawakuwahi kufika pwani. Nilikivuka bila kukigusa, nikaenda shule. Jioni kilikuwa bado pale. Nikakichukua kwa kipande cha gazeti, nikamwaga mafuta nyuma ya bafu, kwenye shina la mpapai, nikakirudisha pale pale kizingitini, kwa sababu niliogopa kukirusha na niliogopa zaidi kulala nacho. Ijumaa iliyofuata kilikuwa kimejaa tena, na unyoya mpya. Nikamwaga. Ijumaa ya tatu hali kadhalika. Ilikuwa siku hiyo, nikiwa nimejilaza, nilipowasikia juu ya ukuta.

"Amemwaga tena, mama. Siafu wamejaa pale mpapaini."

"Ijumaa tuweke tena."

"Nazi tatu hizo!"

"Tuweke, Mwanaidi. Huyu hataki haraka. Iko siku atavua mwenyewe."

Sasa nieleze jinsi kichwa changu kilivyofanya kazi jioni ile, maana sikijivunii. Niliamini kwamba mwenye nyumba wangu ananiroga kwa mafuta na unyoya, na wakati huohuo niliamini kwamba nina ukoma, na sikuona kwamba mambo hayo mawili yangetosha kila moja peke yake. Nilisoma zaburi. Nilihamisha kitanda mbali na mlango. Kisha nikaandika barua ya kuacha kazi, nikitaja sababu za nyumbani. Nikaiona fupi mno, itatia shaka. Nikaandika nyingine ndefu, nikaiona kama ya mtu mwenye la kuficha. Ya tatu niliitia kwenye bahasha na kuamua kuipeleka Jumatatu.

Jumapili, nikirudi kutoka kuoga, nilimwona Mwanaidi amekaa kwenye kigoda uani anapepeta mchele, na huku akipepeta, mguu mmoja alikuwa akiukuna kwa kisigino cha mwingine, katikati ya vidole, bila hata kujua kwamba anaukuna. Nilisimama na ndoo mkononi. Mpaka dakika ile jambo lote lilikuwa langu: kazi yangu, aibu yangu, safari yangu ya kurudi nyumbani. Sasa nilikuwa nimewaambukiza watu walionilisha. Barua ile isingeweza kusaidia kitu. Nikaweka ndoo chini, nikaenda jikoni, ambako Bi Chausiku alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama? Kaa."

"Sistahili kukaa."

"Kigoda hicho hakina habari nani anastahili. Kaa."

Nikakaa. Nikasema yote kwa pumzi moja: kwamba mimi ni mgonjwa, kwamba nimewaletea ugonjwa nyumbani, kwamba nilipaswa kusema mapema, kwamba nadhani ni ukoma. Mkono wake ukasimama juu ya mbuzi. Nyuma yangu ungo wa Mwanaidi nao ukanyamaza.

"Vua," alisema Bi Chausiku.

Sijawahi kufanya kitu kigumu kama kuzivua soksi zile, na nimezika wazazi. Aliinama, akanusa kwanza, kisha akatazama. "Mwanaidi, njoo unuse."

"Mie nimeshanusa, mama, tangu Ramadhani haijaandama."

"Huu ukoma wako," aliniuliza mama, "unawasha?"

"Unawasha sana."

"Ukivua soksi je?"

"Ndiyo zaidi. Nataka kulia."

"Basi si ukoma. Ukoma una adabu, hukaa kimya. Huku ni kuoza kwa maji na viatu, na kila anayeshuka kwenye jaruba la mpunga anakujua kuoza huku. Huyu hapa anako tangu masika ya mwaka juzi. Nimemwambia asijikune mbele ya wageni, hasikii."

Mwanaidi akausogeza mguu wake chini ya kanga. Kisha akasema polepole, kama mtu anayepiga hesabu, "Mama, ile mitalawanda ya bafuni mimi ndiye naivaa zaidi. Mwalimu alipokuja aliivaa."

"Alaa," alisema Bi Chausiku. "Kumbe tumempa mgeni maradhi, naye anatuomba radhi." Akaendelea kukuna nazi mara mbili tatu, akasimama tena. "Lakini niambie jambo moja, mwalimu. Mafuta yangu yamekukosea nini?"

Nilijua kwamba nikidanganya pale sitaweza tena kula katika nyumba ile. "Nilidhani ni uchawi, mama."

Mwanaidi alicheka mpaka ungo ukamtoka na mchele ukamwagika, akawa anauokota huku anacheka, huku anasema, "Uchawi! Na unyoya! Lo, mwalimu!" Mama yake hakucheka. "Uchawi wa nazi tatu," alisema. "Ningekuwa mchawi, mwanangu, ningetafuta kazi isiyonichosha mabega."

Ndipo aliponieleza, bila kuninyooshea kidole, jambo ambalo kila mtoto wa mtaa ule alilijua. Dawa ya mtu aliyejificha haipelekwi mkononi. Ukimpa mkononi umemwambia kwamba umemwona, na yeye hakutaka kuonwa. Unaiweka kizingitini, na unyoya juu ili ajue ni ya kupaka na asitie vidole. Akishapaka anakifudikiza kifuu pale pale, na mwenye kifuu akikikuta kimefudikizwa anakiokota anakwenda zake. Hapasemwi ahsante, kwa sababu ahsante inatangaza. "Nilidhani mmefundishwa huko chuoni," alisema, na mpaka leo sijui kama ulikuwa utani.

Alasiri hiyohiyo nilikaa nao uani nikaona jinsi mafuta yalivyotengenezwa. Nazi zilikunwa, tui zito likakamuliwa na kubandikwa kwenye moto mdogo, likachemka polepole mpaka maji yakaisha na mafuta safi yakapanda juu, na chini yakabaki mashapo ya kahawia ambayo Mwanaidi aliyatia sukari akanigawia, na ambayo ni kitu kitamu kuliko vyote nilivyowahi kula. Katika mafuta hayo Bi Chausiku alitia majani ya mwarobaini yaliyopondwa na punje za kitunguu saumu, akayaacha yachemke mpaka majani yakakauka na kulia kama vijiti, kisha akachuja kwa kitambaa. Masharti yalikuwa machache, nayo yalinitisha kuliko ukoma: nioshe miguu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, niikaushe juani kidole kwa kidole, nipake kwa unyoya asubuhi na jioni, na nisivae kiatu cha kufunika mpaka ngozi ifunge. Nikamuuliza je, nikipaka kisha nikavaa soksi safi. "Hapo utakuwa umejikaanga," alisema.

Jumatatu badala ya kupeleka barua nilivuka mikoko peku. Nilitembea nikitazama mbele kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Wanafunzi walisimama, wakanisalimu, wakatazama chini, na msichana wa mbele akainua mkono. Nikajua limefika. "Mwalimu," alisema, "jana ulisema tuje na yaliyobaki ya zoezi la nne." Hilo tu. Katika mwaka wote ule sikuwahi kupata jibu zuri zaidi darasani, na sikulistahili, maana jana ilikuwa Jumapili, nami sikumsahihisha.

Mwalimu mkuu hakuwa mwepesi hivyo. Alikuwa mtu wa Tanga mjini, mtu mzima, mwenye kanzu safi siku za Ijumaa na suruali iliyopigwa pasi siku nyingine, na viatu vya kahawia ambavyo sikuwahi kumwona hajavivaa. Aliniita ofisini, akanitazama miguu, akasema wazazi watadhani serikali imeshindwa kunivalisha, na kwamba Jumatatu ijayo anataka kuniona na viatu au asinione kabisa. Nilijaribu kueleza, akainua kiganja. Juma lile ngozi yangu ilikuwa imeanza kufunga, kavu na ya waridi, kuwasha kumepungua nusu, na nilijua kwamba siku moja tu ndani ya viatu vile ingenirudisha nilikotoka. Nililichambua jambo hilo toka Jumanne hadi Alhamisi, nikigeuza kila neno la mwalimu mkuu, na ilikuwa Alhamisi jioni, nikiwa nimeacha kufikiri kwa kuchoka, nilipokumbuka sio maneno yake bali mguu wake. Wakati wote akinisema, chini ya meza alikuwa akisugua kiatu cha kulia kwenye mguu wa meza, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

Sikumwambia mtu. Nilimwomba Bi Chausiku kifuu cha pili, naye akanijazia bila kuuliza ni cha nani. Mwanaidi akanichagulia unyoya. Ijumaa, kabla jua halijachomoza vizuri, nilikiweka kizingitini kwa mwalimu mkuu nikaondoka mbio, moyo ukinipiga kuliko siku niliyofanya mtihani wa mwisho. Njiani nilianza kujiuliza kama atadhani ni uchawi. Halafu nikakumbuka kwamba yeye ni wa huku.

Jumamosi nilipita mbele ya nyumba yake nikijifanya naenda dukani. Kifuu kilikuwa kizingitini, kimefudikizwa. Jumatatu nilikwenda shule na makubadhi aliyoniazima Mwanaidi, ya marehemu baba yake, nikiwa tayari kwa lolote. Mwalimu mkuu alisimama mbele ya gwaride akatangaza kwamba, kwa sababu ya tope la masika, walimu wanaruhusiwa kuvaa makubadhi mpaka mvua zikatike. Aliyasema hayo akitazama bendera. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa makubadhi mapya. Hatukulizungumza jambo hilo kamwe, na miaka mingi baadaye, alipoandika barua ya kunipendekeza niende masomoni, alitaja bidii yangu na unadhifu wangu.

Sidai kwamba mafuta peke yake ndiyo yaliyoniponya. Nimelifikiri sana hilo, kama ninavyofikiri kila kitu, na naona huenda jua na kuvua viatu vilifanya nusu ya kazi, au zaidi. Lakini nisingevua bila kifuu kile. Mwisho wa mwaka nilihamishwa, na siku ya kuondoka nilikaa kitandani nikitunga maneno ya kumshukuru Bi Chausiku, nikayafuta, nikayatunga upya, mpaka lori likapiga honi. Nilitoka nikasema, "Mama, mimi naenda." Akasema, "Nenda, mwanangu. Usivae viatu vilivyolowa." Nimekuwa nikidhani kwa miaka hamsini kwamba nilimwondokea bila shukrani.

Usiku wa msiba walinilaza katika chumba kilekile. Kuta sasa ni za matofali na zimefika juu, sikusikia kitu. Nililala na soksi, kwa sababu miguu yangu ya uzeeni imerudia mambo ya ujana, na kucha zimekuwa nene na za manjano, na nilikuwa nimeamua kwamba si jambo la kumsumbua mtu aliyefiwa. Asubuhi nilifungua mlango. Kizingitini palikuwa na kifuu cha nazi, mafuta ya rangi ya kijani iliyofifia, na unyoya mweupe.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikavua. Nilipaka kidole kimoja kimoja, polepole, mpaka kifuu kikakauka. Kisha nikakifudikiza kizingitini, nikarudi nyuma hatua moja, nikaanza kujiuliza kama nimekiweka palepale kilipokuwa au kimesogea kidogo. Mwanaidi akapita na ndoo ya maji. Akainama, mkono kiunoni kwa maumivu ya mgongo, akakiokota bila kunitazama, akaendelea na safari yake ya jikoni. Nikatia soksi mfukoni, nikatoka peku kwenda kukaa na wanaume.